Ulimi wa Kengele

Asubuhi aliyofariki Jesca, Ashura aliiba ulimi wa kengele ya kanisa, akauviringisha kwenye kanga, akausukumia uvunguni mwa kitanda chake.

Wizi huo ulikuwa haki yake. Ashura ni Myao na Jesca alikuwa Mmakua, na watu wa makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za mababu. Mmakua akifa, Myao haendi msibani kulia tu. Anakwenda kuharibu mambo. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anawatukana wafiwa mpaka wanacheka huku kamasi zinawatoka, na kabla jeneza halijanyanyuliwa huwa ameshaficha kitu ambacho mazishi hayaendi bila hicho: jembe la kuchimbia kaburi, kifuniko cha sufuria kubwa, kiatu kimoja cha msemaji wa familia. Kitu hicho hakirudi mpaka ndugu wa marehemu aje kukikomboa kwa kuku au kwa mchele, na kwa matusi ya kujibu matusi. Mgeni akiona hayo hudhani watu wa kusini hawana adabu, kumbe adabu yenyewe ndiyo hiyo.

Na kwa Jesca, ungeficha nini kama si ulimi wa kengele? Tangu mume wake alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa akiipiga. Kila mara chumvi ya bahari ilipoanza kukila kile chuma, alikishusha akakisugua kwa mafuta ya nazi, huku Ashura akimshikia kigoda asianguke na kumwambia aanguke tu, mji upumzike.

Kanisa lenyewe si kubwa. Ni la mawe ya matumbawe na chokaa, kuukuu kama nyumba za mawe zinazolizunguka, na kengele yake inaning'inia nje kati ya nguzo mbili za mbao. Waumini hawajazi nusu ya mabenchi hata siku ya Krismasi, maana Mikindani ni mji wa Waislamu na hakuna aliyewahi kulificha hilo. Lakini jaribu kuoza binti Mikindani bila kanisa la mawe. Mabenchi ya wageni utaazima wapi? Kiangazi visima vikianza kutoa maji ya chumvi, ndoo za mtaa mzima hupangwa kwenye tangi la kanisa. Nusu ya walimu wa madrasa za pale walijifunzia kusoma kwenye chekechea ya baraza ya kanisa, na wakibishiwa wanakubali wenyewe. Kengele nayo haikuwa ya Jumapili peke yake. Moto ukishika makuti, ililia. Mtoto akipotea, ililia. Mtu akifa, awe wa dini gani, Jesca aliipiga polepole, ili walioko kwenye mikorosho, kule spika za msikiti zisikofika, waache kazi na kurudi mjini.

Tena kulikuwa na yale masufuria mawili makubwa. Jesca aliyafungia peke yake kwenye kabati lenye kufuli, ili Mwislamu akija kuyaazima kwa shughuli asiwe na wasiwasi kwamba yamewahi kupikiwa nguruwe. Padri mmoja wa zamani aliyataka kwa ajili ya Pasaka, akanyimwa. “Hayo si ya kwetu, Padri,” Jesca alimwambia. “Ni ya majirani. Sisi tunawatunzia tu.”

Huyo ndiye aliyekuwa rafiki wa Ashura. Walijuana tangu Ashura alipoletwa akiwa bibi harusi kwenye nyumba iliyo nyuma ya kanisa, na tangu siku ile hawakupata kuamkiana kwa maneno mazuri. Jioni walikaa kwenye baraza ya kanisa wakibangua korosho, vidole vimewaiva kwa mafuta ya maganda, wakitupiana maneno.

“Wewe Mmakua, panya wote wa mtaa huu wamehama. Wamesikia umenunua mtego mpya.”

“Na wewe Myao, makanga kabati zima, shamba hata la kuotea uyoga huna.”

Mume wa Ashura alipokufa, Ashura alikaa bila kula wala kusema mpaka wanawe wakaingiwa na hofu. Jesca akaingia chumbani kwa wafiwa amevaa kofia ya marehemu na koti lake, akakohoa kile kikohozi cha marehemu cha kutafuta ugomvi, akauliza kwa sauti ya marehemu, “Chakula cha nyumba hii kinaiva lini?” Ashura alicheka mpaka akaanguka kwenye mkeka, kisha akalia, kisha akaomba uji. Hakuna mwingine aliyeweza kumfanyia lile, si wanawe wala shehe.

Kwa hiyo presha ilipomchukua Jesca alfajiri ile, na wanawake wa kanisa walipoanza kumwosha, Ashura hakukaa kujiuliza. Alifanya kama wanavyofanya wote. Alikwenda kwenye nguzo, akaunyofoa ulimi kwenye ndoano yake, akatangaza uani, “Kengele hailii leo! Mwenye maiti wake aje anilipe!” Mwanamke aliyekuwa akifagia akacheka kidogo. Wengine hawakucheka.

Ashura alipofika kwake na kuusukuma ule mzigo uvunguni ndipo alipokaa kitandani na kujiuliza swali alilopaswa kujiuliza mapema. Mwenye maiti ni nani?

Mume wa Jesca alishakufa. Kaka yake aliyebaki Chiungutwa alishakufa. Wamakua wengine wa Mikindani wanahesabika, nao ni wa koo nyingine, na kumkomboa marehemu ni kazi ya nduguze, haidandiwi na mtu baki. Alibaki Rehema, binti yake wa pekee, ambaye alichukuliwa na shangazi yake kwenda Dar es Salaam akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Rehema wa watu ni mtoto mzuri, lakini utani wa msibani angeujulia wapi?

Utani ni mchezo wa wawili. Ukimtupia mtu maneno na hakuna wa kuyarudisha, yanabaki yamekaa katikati ya watu kama kitu kimemwagika. Na kitu kilichoibwa msibani kikirudi bila kukombolewa, maana yake inajulikana na kila mtu kuanzia Mikindani mpaka mto Ruvuma: huyu aliyekufa hakuwa na mtu. Jesca, aliyewapigia kengele wafu wa mji mzima, ataonekana amekufa hana mbele wala nyuma, na aliyemwumbua ni Ashura mwenyewe.

*

Padri Josephu alikuwa kijana mrefu, mtu wa Karagwe, na alikuwa hajamaliza hata msimu mmoja wa korosho pale mjini. Mzee wa kanisa alipovuta kamba asubuhi ile na kengele ikayumba bila kutoa sauti, padri alichungulia, akaona ndoano tupu, akabadilika rangi. Si kwamba alikuwa mtu wa shari. Parokia aliyotoka, watu wasiojulikana waliwahi kuuchoma moto mlango wa kanisa, na yeye ndiye aliyekimbia na ndoo. Alipouliza ulimi uko wapi, yule mfagiaji akamjibu huku bado ana kicheko mdomoni, “Bi Ashura kauchukua.” Kile kicheko ndicho kilichomuuma zaidi.

Maneno nayo hayana breki. Yalipofika soko la samaki yalikuwa, “Waislamu wamezuia kengele ya Wakristo.” Yalipofika stendi ya Mtwara, kanisa lilikuwa limeshavunjwa madirisha. Adhuhuri watu wa Mtawanya, kijiji cha jirani, walikuwa wanapiga simu kuuliza kama msibani kuna usalama, waje au wasije.

Mzee Zuberi, mwenyekiti wa mtaa, alimkuta Ashura amekaa kizingitini, ameshika tama.

“Dada, umetutia kwenye mambo,” Zuberi alisema kabla hata ya kukaa. “Padri amekuja kwangu anatetemeka. Anataka niandike kwamba kanisa limeibiwa.”

“Mwambie ni utani.”

“Nimwambie mimi? Mimi Myao kama wewe. Atasema tunateteana.”

“Basi uje ukomboe wewe.”

“Ashura! Myao amkomboe Mmakua kwa Myao mwenzake? Tumekuwa wendawazimu?” Zuberi akavua kofia, akajipepea. “Urudishe tu. Kimya kimya. Nenda na kikapu, uning'inize, uondoke.”

“Siwezi.”

“Hutaki.”

“Siwezi, Zuberi. Wewe unajua nikirudisha bure nimesema nini. Nimesema Jesca hana ndugu. Mimi ndiye niseme hivyo? Mimi? Mbele ya wale aliowapikia, aliowachotea maji?”

“Basi kamweleze padri mwenyewe, umfundishe.”

“Mtani hamfundishi mfiwa. Nikishaanza kumweleza, nitakuwa nimekwenda kumwomba anitukane. Hapo hakuna tena utani, imekuwa maigizo ya shule.”

Zuberi alijua ni kweli. Alirudisha kofia kichwani, akaondoka akinung'unika kwamba uenyekiti wa mtaa huu angemwachia mbuzi kama mbuzi angekubali.

*

Rehema alifika kesho yake asubuhi kwa basi, macho yamevimba, miguu imevimba, akaingia moja kwa moja kwenye mkeka wa wafiwa. Walimpa chai. Walimpa na habari pia, kwa sababu watu hawajui kunyamaza. Kabla jua halijakaa sawa alikuwa amesimama mlangoni kwa Ashura.

“Shikamoo, mama mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana. Karibu ndani.”

Rehema aliingia, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa na taya ya mama yake, na Ashura ilimbidi aangalie pembeni.

“Mama mkubwa, sijui kilichotokea kati yenu,” Rehema alisema taratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno njia nzima. “Mama alikuwa na mdomo, najua. Kama alikukosea, mimi kwa niaba yake naomba unisamehe. Lakini naomba azikwe na kengele yake. Alikuwa akiniambia kwenye simu kila mara, hata kama tunaongea habari za bei ya mkaa: nizikwe na kengele yangu.” Akafungua pochi, akatoa simu. “Na kama ni kitu unadai, niambie tu, nikurushie sasa hivi.”

Ashura aliiangalia ile simu. Angeweza kusema, “Sawa, nirushie,” na jambo lingekwisha. Lakini kukombolewa kwa simu na mtoto anayedhani analipa deni, kungekuwa kumkomboa nani? Alifungua mdomo amtukane Rehema, amtukane vizuri, labda damu ya Kimakua ingeamka yenyewe imjibu. Akamtazama usoni. Mtoto alikuwa amechoka, amefiwa na mama, na alikuwa anaomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwepo. Tusi likakataa kutoka.

“Mama yako hakunikosea kitu,” alisema. “Hata siku moja. Nenda kapumzike. Kengele italia.”

Rehema alipoondoka, Ashura alichuchumaa akauvuta mzigo wake kutoka uvunguni. Alikuwa ameshaamua. Aibu ile angeibeba yeye. Angekwenda mbele ya watu wote, auweke ule ulimi miguuni kwa padri, aseme amekosea, yeye ni mzee, akili zimeanza kupungua. Watu wangemcheka yeye badala ya kumsikitikia Jesca. Haikuwa dawa, kwa sababu wanaojua wangejua tu, lakini hakuiona nyingine. Alikisugua chuma kile kwa mafuta ya nazi, maana hakutaka kirudi kikavu, akajitanda, akatoka.

*

Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa. Wakristo walikuwa kwenye mabenchi waliyoyatoa nje, Waislamu kwenye mikeka chini ya ukuta, na kati ya mikeka na mabenchi palikuwa na nafasi ambayo siku nyingine huwa haipo. Hakuna aliyeipanga. Siku nyingine watu wa mikeka na watu wa mabenchi huchanganyika mpaka miguu inakanyagana. Leo waliangaliana kwa pembe za macho, na vijana wa pande zote mbili walikuwa wamesimama, hawataki kukaa. Ashura alipoona nafasi ile alijua ndiyo kazi yake, ameifanya kwa mikono yake.

Akapita katikati yake. Minong'ono ikakatika. Alikuwa amebakiza kidogo kufika kwenye ngazi za kanisa pale mlango ulipofunguka, akatoka Padri Josephu ndani ya kanzu yake nyeupe, ameshika jogoo.

Alikuwa amemshika vibaya mno. Mguu mmoja ulikuwa mkononi, mwingine unampiga mateke ya kifua, na manyoya mawili matatu yalikuwa yameshakwama kwenye kola. Nyuma yake, ndani ya kivuli cha mlango, Mzee Zuberi alikuwa anaangalia dari kama mtu asiyehusika na lolote.

Padri akashuka ngazi, akasimama mbele ya Ashura. Jasho lilikuwa linamtiririka.

“Wewe mama,” alianza. Akakohoa. “Wewe Myao! Mwizi wewe! Nimekuja kuchukua mali ya dada yangu.”

Kijana mmoja kwenye mikeka akainuka nusu, aliyekaa naye akamvuta kanzu akakaa.

Ashura aliangalia kama anadhihakiwa. Padri hakuwa na uso wa dhihaka. Alikuwa na uso wa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni na somo hajalisoma sawasawa, lakini ameamua kwenda. Basi Ashura akaupeleka ule mzigo nyuma ya mgongo, akasimamisha shingo.

“Dada yako kwa wapi?” akamuuliza, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani. “Jesca ni Mmakua wa Chiungutwa. Wewe si ndiye wa huko mbali, kwa wala senene?”

“Ndiyo.”

“Na wewe unawala?”

“Nawala.” Padri akameza mate. “Wa kukaanga. Wenye chumvi.”

Ashura akawageukia watu. “Mmesikia wenyewe! Huyu anakula panzi, marehemu alikuwa anakula panya. Jamani, hawa ni ndugu! Hawa ni tumbo moja kabisa!”

Kicheko kilianzia kwa kina mama wa mikeka, wale wakubwa waliojua, kikaruka ile nafasi tupu kikaangukia kwenye mabenchi. Mzee wa kanisa alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanamtikisika. Padri alisubiri kicheko kipungue. Alikuwa amepata ujasiri kidogo.

“Na nyie Wayao,” alisema, “mmependeza sana leo. Hizi nguo mmeziazima wapi?”

Hapo uwanja uliripuka. Vigelegele vikapigwa. Ashura alitamani amkumbatie pale pale, lakini kazi ilikuwa haijaisha. Alimnyooshea jogoo kidole.

“Na huyu ndiye wa kumkombolea dada yako? Huyu mgonjwa?”

“Alikuwa mnene. Amekonda alipoambiwa anakuja kwako.”

“Basi kabla sijampokea nijibiwe.” Ashura akashusha pumzi, maana hili ndilo lilikuwa neno lenyewe, lile linaloulizwa kila msiba, na sauti yake haikuwa tena ya mchezo. “Aliyelala humo ndani ni wa nani? Ana mtu? Asimame nimwone.”

“Ni wangu,” alisema Padri Josephu.

Rehema alikuwa ameinuka kwenye mkeka wa wafiwa. Hakuwa ameelewa yote, lakini alikuwa ameelewa ya kutosha. Alipita katikati ya watu, akaushika ule mguu wa jogoo uliokuwa unapiga mateke.

“Ni wangu mimi,” alisema. “Ni mama yangu. Na wewe, mama mkubwa, mwizi mkubwa.”

Ashura akaleta mikono mbele, akaufungua ule mzigo, akampa. Kisha akalia. Tangu Jesca akate roho alikuwa hajadondosha chozi, alikuwa na wizi wa kushughulikia, na sasa yalikuja yote kwa pamoja, makubwa, yenye sauti, na hakuyaonea haya. Wanawake wakamzunguka, wa mikeka na wa mabenchi, wakamkalisha popote palipokuwa karibu. Alipoinua kichwa aliona vijana wamekaa, na hakuona tena ile nafasi.

Padri aliupachika ulimi kwenye ndoano, Rehema akavuta kamba. Alivuta vibaya, kengele ikalia kwa kuyumba yumba, lakini ililia, na watu wa Mtawanya waliokuwa wamesimama mbali barabarani wakisita wakaanza kuja.

Makaburini Ashura alifanya yaliyobaki. Alivaa miwani ya Jesca na sweta lake la kijani, akatangulia mbele ya jeneza akitembea kwa zile hatua fupi za Jesca za kuku mwenye hasira, akamkaripia mchimba kaburi kwamba shimo ni jembamba, “au mlidhani mimi ni Myao, nalala njaa?” Hakuna aliyebaki na macho makavu, na hakuna aliyebaki bila kucheka.

*

Matanga yalipoanuliwa na Rehema akawa anafunga mizigo, Padri Josephu alikuja jioni nyumbani kwa Ashura, bila kanzu, na suruali yenye vumbi. Alikaribishwa kwenye baraza, akaletewa kahawa.

“Bibi, nilidhani unatuchukia,” alisema. “Usiku ule nilipiga simu kwa askofu. Mzee Zuberi asingekuja alfajiri kunipigia kelele na kunieleza utani wenu, sijui ningefanya nini.”

“Ungeniitia polisi.”

“Ningekuitia polisi.”

“Ningeenda,” alisema Ashura. “Nimezoea kukaa na Wamakua, polisi wangenifanya nini?”

Padri alicheka. Akakizungusha kikombe mkononi. Alikuwa kijana bado, na kama vijana wengi waliosoma sana, aliuliza swali lililomjia bila kulipima kwanza.

“Na wewe je, Bibi? Siku yako ikifika, nani atakuja kuiba?”

Swali lile Ashura alikuwa nalo tangu alfajiri aliyofariki Jesca, lilikuwa limekaa naye kitandani juu ya ule ulimi, na alikuwa hajamwambia mtu. Jesca alikuwa mdogo wake kwa miaka. Mpango, ambao hawakuwahi kuutamka kwa sababu haukuwa na haja ya kutamkwa, ulikuwa Jesca ndiye amzike yeye. Jesca ndiye angeingia amevaa kanga zake, akajidai kutafuta ugoro, akawachekesha wanawe mpaka wakubali kula. Wanawe walikuwa watu wazuri, na wangekaa kwenye mikeka kimya, macho makavu, njaa tumboni, na hakuna mtu wa kuwafungua.

“Hakuna,” alisema. “Aliyekuwepo umemzika.”

“Mimi si ndugu yake?” Padri akaweka kikombe chini. “Umesema mwenyewe, mbele ya mji mzima. Tumbo moja. Sasa kama mimi ni ndugu wa Jesca, kwako mimi ni nani?”

Ashura alimgeukia, akamwangalia vizuri, kuanzia viatu mpaka paji la uso.

“Wewe? Wewe utaanza kulia kabla hujafika mlangoni.”

“Ndiyo maana nasema unifundishe. Una muda.”

“Nani kakwambia nina muda?” Lakini alikuwa ameshaanza kujiinua, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni. Alisimama uani, akatengeneza kanga. “Niangalie. Goti hili la kushoto halikunji, kwa hiyo nalivuta hivi. Kichwa nakilaza huku, kama nasikiliza umbea, na kweli nasikiliza. Na nikiitwa siitiki mara ya kwanza. Umeona?”

“Nimeona.”

“Haya. Njoo.”

Padri Josephu alishuka barazani. Alilaza kichwa, akauvuta mguu wa kushoto, akakatiza uani mpaka kwenye mlango wa jiko, mrefu kama alivyo, akisikiliza umbea usiokuwepo. Ashura alijishika mbavu. Alicheka mpaka ikabidi akae tena, machozi yanamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga.

“Vibaya,” alisema. “Vibaya kabisa. Wanangu watadhani ni mtu mwingine amekufa. Rudi pale mwanzo, uanze tena.”